Moyo wa Ntare Ulipopona

Kwa miaka ishirini na tisa Kellen alikuwa amemdharau mumewe kimyakimya, huku akimpikia na kumpigia pasi. Ntare, mstaafu wa wizara, yeye aliwadharau watu waziwazi: mafundi, wachungaji, na kila jirani aliyejenga kilimani Rebero baada yake.

Miaka mitatu nyuma mapigo ya moyo wake yalipungua mno, akawekewa betri ya kuuendesha moyo chini ya mtulinga. Waya wake ulishuka hadi ncha ya moyo, upande wa kulia. Mapigo yakarudi. Halafu, taratibu, miguu ikaanza kuvimba, na kutoka getini hadi sebuleni ikabidi apumzike mara mbili. Alisema ni kilima. Kilima kilekile alichojisifia siku aliponunua kiwanja.

Daktari aliyewapokea hospitalini, Akoth, Mkenya mfupi mwenye kandambili za plastiki, aliwachorea moyo nyuma ya karatasi.

"Mzee, waya huu unaufanya upande wa kulia utangulie, wa kushoto unachelewa. Moyo umechoka kwa hilo. Tutaongeza waya mwingine ili pande zote zipige pamoja."

Ntare alimtazama miguuni. "Una miaka mingapi, binti?"

"Thelathini na tisa."

"Nitamsubiri profesa."

Profesa alikuwa bingwa wa ng'ambo aliyekuja mara mbili kwa mwaka. Wakamsubiri wiki saba. Kellen alimwegemeza mumewe kwenye mito minne, maana akilala chali alikosa pumzi, na kila siku akasikiliza sifa za mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Mwanamume mzima, aliwaza, yuko radhi azame katika maji ya mwili wake mwenyewe kuliko kuguswa na mtu wa kandambili.

Siku ya upasuaji hawakumpa dawa ya usingizi. Walimtia ganzi begani tu. Profesa alijaribu kuupitisha waya katika mshipa unaozunguka nyuma ya moyo kwenda kushoto. Mshipa ulikuwa mwembamba, umejikunja. Baada ya saa mbili akasema, "Akoth, jaribu njia yako." Akoth akaingilia kulia, akauzungusha waya kama skrubu ndani ya ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, hadi ukaifikia njia ya umeme ya moyo wenyewe. Dakika arobaini. Kellen alisimuliwa yote na nesi Béatha pale koridoni.

Miezi mitatu baadaye Ntare alipanda kilima bila kusimama. Jumapili akawaalika wageni.

"Profesa yule ni mtu hasa," alisema. "Kile kibinti cha Kenya kilikuwa kikimshikia vyombo."

Kellen aliweka mezani bakuli la isombe, kisamvu cha kutwanga. "Profesa alishindwa. Aliyeuweka ni Akoth. Ulikuwa macho, ulisikia."

Wageni wakainamia sahani zao. Ntare akaeleza, kwa sauti nene na pumzi za kutosha, kwamba wanawake hawaelewi mambo ya kitaalamu.

Alipokuwa mgonjwa, Kellen hakuweza kumwacha; watu wangesema, naye mwenyewe angejisema. Sasa Ntare alikuwa mzima. Jumatatu asubuhi Kellen alifunga mizigo miwili ya kwenda Batsinda kwa binti yao, Pretty.

Ntare alisimama mlangoni na kikombe chake. "Na dawa zangu nani atanipa?"

"Zimeandikwa kwenye boksi," Kellen alisema. "Wewe si msomi?"

Akamwita dereva wa teksi aliyesubiri getini aje kubeba mizigo.