Fundi Aliyeiga Mwendo wa Chifu
Fundi wa nguo wa barazani petu, hapa Kakamega, hapimi suruali kwa tepu peke yake. Kabla ya kukata kitambaa huinuka, pini zikiwa mdomoni, akaiga mwendo wa mwenye nguo mara mbili ili ajue itavuta wapi. Sisi hucheka, yeye hacheki. Mwezi uliopita, uhuru ukiwa haujatimiza mwaka, chifu alimlaza korokoroni mchuuzi mmoja aliyelitania tumbo lake. Kwa hiyo Jumatano, fundi alipokuwa akitembea tumbo mbele, miguu imetanuka, nasi tukamwona chifu mwenyewe amesimama nyuma yake, vicheko vilikatika.

“Huyo ni nani, fundi?”

Fundi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati. “Ni wewe, mzee. Ile suruali yako itabana hapa.” Akajigusa pajani.

Chifu aliinua bakora yake. Kisha akamnyooshea aishike.

“Basi niige vizuri. Mimi sitembeangi bila hii.”

Fundi akaenda nayo hadi mwisho wa baraza na kurudi, na aliyecheka wa kwanza alikuwa chifu.