Mkwe Asiyekubali Kukataliwa

Hospitalini kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Jaribu-Tena, tangu siku mashine ya fotokopi ilipokwama naye akabonyeza kitufe kilekile mara thelathini huku foleni ikirefuka nyuma yake. Mara ya thelathini na moja mashine ikakubali. Hiyo ndiyo iliyomharibu, maana tangu hapo haambiliki.

Kazi yake ni kuunganisha taarifa. Kila alfajiri programu aliyoiandika mwenyewe huchukua majibu ya vipimo kutoka maabara tano na kuyaingiza kwenye hifadhidata yetu, ili daktari akifungua orodha ayakute. Hifadhidata hiyo naitunza mimi. Nampenda kama ndugu yangu, na kuna siku natamani kumfungia stoo.

Alhamisi moja, saa mbili kamili asubuhi, alinipigia simu kutoka chumba chake cha chini.

"Dada, seva yako imenikataa."

"Imekukataaje?"

"Inasema kuingia kumekataliwa. Paswedi nilibadilisha jana jioni, si nyie ndio mliotulazimisha? Naiandika vizuri kabisa, inanirudisha."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Kadhaa."

Seva yetu haina mchezo. Ukikosea nenosiri mara tano, akaunti inajifunga, na hata ukiandika lililo sahihi hutasikilizwa. Nikaifungua. Kabla sijamaliza chai yangu ikajifunga tena.

"Acha kuandika!" nikamwambia.

"Sijagusa kitu, dada. Mikono iko juu!"

Nikaifungua mara ya pili. Haikupita dakika, imejifunga. Nikashuka ngazi nikiwa nimefura, nimeshapanga la kumwambia.

Nilimkuta kweli mikono iko juu, ameketi mbele ya lile dirisha jeusi la kuandikia amri, sweta kaivaa nje ndani. Nikataka kumcheka. Akanionyesha mlango kwa kidevu. Kwenye benchi la korido alikaa mama mkwe wake, mguu umefungwa bendeji, mkononi kashika kikaratasi cha foleni, namba saba.

Hapo nikaelewa. Yule mama alikuwa na kidonda mguuni kwa miezi mitatu, na kila dawa ilikuwa imeshindwa. Daktari bingwa huja Alhamisi moja tu kwa mwezi. Safari iliyopita alichukua sampuli akaipeleka maabara ya mbali, mojawapo ya zile tano, akasema waziwazi: jibu likionyesha dawa inayofaa, tutaitumia, lisipoonyesha, vidole viwili vitakatwa. Anaanza saa tatu, na ambaye jibu lake halimo kwenye orodha huambiwa arudi mwezi ujao. Kidonda kile kisingesubiri mwezi. Na maabara ile haitoi majibu kwa simu, hata ulie.

Nikaacha niliyopanga kusema. Nikavuta kiti, nikafungua kumbukumbu za seva tuone nani anagonga mlango. Tangu saa kumi na moja alfajiri, akaunti yake ilikuwa imejaribu kuingia mara elfu moja mia moja na ushei. Kila baada ya sekunde kumi, bila kukosa.

"Hivi vidole vyako havina haya?" nikamuuliza.

"Wallahi si mimi. Nimejaribu kama mara ishirini tu."

"Programu yako ikikataliwa, umeiambia ifanye nini?"

"Ijaribu tena," akajibu kwa fahari. Kisha nikaona ile fahari inamshuka usoni taratibu.

Nenosiri alilibadilisha kwenye seva, lakini programu yake husoma nenosiri kutoka faili dogo lililokaa pembeni, na humo lilikuwamo lile la zamani. Basi mtoto kamrithi baba: anakataliwa, anarudi, anakataliwa, anarudi. Kila nilipofungua akaunti, yeye aliifunga.

Tukaizima programu. Tukaandika nenosiri jipya kwenye faili. Ila kuifungua akaunti mara ya tatu kunataka saini ya mkuu wa idara, naye alikuwa safarini. Ilibaki njia moja: akaunti iachwe robo saa bila kuguswa, ijifungue yenyewe. Ikiguswa, inaanza kuhesabu upya. Saa ilikuwa mbili na nusu.

"Toka humu," nikamwambia. "Ukibaki utagusa."

Tukaenda kukaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," Jaribu-Tena akamwamkia mkwewe.

"Marahaba, baba. Leo huna kazi?"

"Ninayo, mama. Ndiyo hii ya kukaa."

Mama akanigeukia. "Huyu alikuja kumposa binti yangu mara nne. Tatu nilimkatalia. Ya nne nikakubali, nilikuwa nimechoka kumfungulia mlango."

Nilicheka hadi muuguzi akanitazama vibaya. Jaribu-Tena hakucheka. Dakika ya tisa mkono wake uliingia mfukoni, kwenye simu, ambayo nayo ameiwekea njia ya kuingilia seva. Mama mkwe akaushika ule mkono.

"Tulia, mwanangu."

Akautoa mkono mfukoni, simu akaiacha humo, macho yake yakabaki kwenye ile bendeji. Utani wangu wote ukaniisha, nikaona aibu kwamba nilikuwa nacheka.

Saa mbili na dakika arobaini na sita tukarudi chumbani. Aliandika amri yake ya mstari mmoja ya kuiwasha programu, akaisoma mara mbili, akabonyeza mara moja tu, mimi ni shahidi. Ikaingia. Majibu yakaanza kumiminika, na dakika chache zilizobaki kabla ya saa tatu zote tulizitumia kuhesabu mistari. Jibu la namba saba lilifika daktari akiwa anavaa koti.

Mama alipoitwa alitaka tuingie wote. Daktari akasoma, akavua miwani.

"Dawa ipo, mama. Vidonge, wiki sita. Vidole vyako hatuvigusi."

"Na kidonda kikikataa?"

"Tutajaribu tena, na dawa nyingine."

Mama akamtazama mkwe wake, aliyekuwa akijifuta macho kwa mkono wa ile sweta iliyogeuzwa.

"Basi mwiteni huyu," akamwambia daktari. "Kwa kujaribu tena hana mpinzani. Mimi mwenyewe alinishinda, na sijawahi kujuta."