Mgomba wa Kioo

Sifa ni zake Mungu, aliyetenga mwanga na giza kabla hajatuumba sisi wenye kuhitaji vyote viwili. Amenipa umri mrefu, mke mmoja, na macho ambayo bado yanasoma Biblia kwa miwani. Namshukuru kwanza, ndipo nisimulie habari ya taa.

Huku kwetu Kyerwa, mvua za Novemba zikinyesha, senene, wale panzi wa kuliwa, hushuka usiku, na asubuhi majani yote yamejaa. Zamani wanawake hawakuwala. Waliamka alfajiri wakawaokota, wakawakaanga, wakawapelekea waume zao, na mume aliyepewa senene alijua wajibu wake: gauni jipya. Mke wangu aliniletea senene kila mwaka wa ndoa yetu, nami sikukosa kumnunulia gauni. Mwaka wa mwisho aliweka bakuli mezani, akabaki amesimama.

"Safari hii sitaki gauni," alisema.

"Unataka nini?"

"Umeme umefika. Nataka taa ya Mtaliano."

Tulicheka wote wawili, maana habari hiyo niliijua tangu uchumba. Alipokuwa msichana alifanya usafi kwenye nyumba ya Mtaliano mmoja aliyekuwa akinunua kahawa. Sebuleni kwa bwana huyo ilining'inia taa ya vioo kutoka kwao, naye aliitazama kila siku akiwa amepiga magoti, tambara mkononi. Alisema ilikuwa kama mgomba wa kioo. Baadaye nyumba ile ilifanywa ghala, na ghala lenyewe likaanguka. Mimi taa hiyo sikuwahi kuiona.

Nilimwambia nitaitafuta kahawa ikiuzwa. Akaugua kabla ya Krismasi, na mwaka haukuisha tukamzika kwenye shamba letu, kati ya migomba, upande wa jikoni.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Baada ya maziko nilianza kusikia, kulipokuwa kunapambazuka, sauti ya tambara bichi likivutwa sakafuni sebuleni. Linavutwa, linatulia, linakamuliwa, linavutwa tena. Mke wangu alifuta sakafu hivyo kila asubuhi kabla sijatoka kitandani. Nilikuwa naamka, nafungua mlango, nakuta sakafu kavu na viti mahali pake.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisoma chuo cha Biblia, na nimesimama kwenye makaburi mengi nikiwaambia wafiwa kwamba waliolala katika Bwana wamepumzika, hawatembei, wala hawadai kitu kwa walio hai. Nililiamini neno hilo, na ninaliamini. Lakini alfajiri haikuniuliza ninaamini nini. Nikawaza kwamba huenda anaingoja taa yake. Nilipowaza hivyo nikaogopa zaidi, kwa sababu wazee wetu wa zamani walipojengea mizimu vijumba nyuma ya nyumba, nao walianza kwa kuwaza kwamba marehemu anangoja kitu. Nikinunua taa na sauti ikakoma, nitakuwa nimetoa sadaka kwa mfu. Nisiponunua, nitakuwa nimemnyima mke wangu zawadi ya senene niliowala mwenyewe nikashiba.

Kahawa ilipouzwa, fundi aliyetufungia umeme aliniambia kwamba yupo mfanyabiashara huko Murongo, mpakani na Uganda, anayevusha vyombo vya zamani kutoka majumba ya Kampala, na kwamba ana taa mbili za vioo za Kitaliano. Nikamwomba mdogo wake marehemu anisindikize. Ni mjane anayeishi kijiji cha jirani, mwenye ulimi usiolala. Huniita muramu, ndivyo tunavyoitana mashemeji huku kwetu.

Dukani taa zote mbili zilining'inia kwenye bomba la chuma, juu ya makabati na vitanda.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," alisema mwenye duka.

"Marahaba."

"Hii ndiyo ya wakubwa." Aligusa taa ya kwanza, kubwa, yenye matone ya kioo cheupe yasiyohesabika. "Ukiiwasha, jirani anafunga pazia."

"Huyu hana jirani," alisema shemeji. "Ana migomba."

"Na ile?" niliuliza.

"Ile ni kioo cha kupulizwa kwa mdomo. Ya zamani zaidi, lakini jani moja limevunjika ncha."

"Ina umri gani?"

"Mzee wangu, mimi nimeikuta ikiwa mtu mzima."

Ile ya pili ilikuwa ndogo. Mikono yake ilipinda, ikabeba vikombe vya balbu, na katikati ya mikono yalitoka majani mapana ya kioo cha kijani kilichofifia. Niliitazama moja, nikaitazama nyingine. Ya kwanza, kwa jinsi matone yalivyopangana, ilifanana na mkungu. Ya pili ilikuwa na majani. Mgomba una vyote.

"Chukua hii ya matone," alisema shemeji. "Dada alipenda vitu vya kung'aa."

"Alisema ni kama mgomba."

"Alisema mengi. Hata wewe alisema ni mzuri."

Mwenye duka aligeukia kabati ili acheke. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa na jambo moja tu la kumfanyia mke wangu hapa duniani, na nilikuwa nakaribia kulikosea. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kuitazama taa ile akiwa amesimama kama mimi. Mtoto wa kazi hasimami sebuleni kwa tajiri akikodolea macho dari. Aliiona kutoka chini.

Nikavua kofia, nikapiga magoti kwenye sakafu ya duka, nikajivuta mpaka chini ya taa ya kwanza.

"Mama, mzee ana presha?" aliuliza mwenye duka.

"Mwache. Huyu huomba hata kabla ya kununua chumvi."

Chini ya taa ya kwanza niliona ncha tu, ncha nyingi zikinielekea machoni, kama mvua inayokukuta njiani. Nikasogea chini ya ile ya pili, nikaomba iwashwe. Majani yakafunguka kutoka katikati, yakaenda pande zote, na mwanga ukapita ndani yake ukawa kijani. Kila aliyewahi kulima akachoka, akajilaza chalichali chini ya mgomba saa sita mchana, anajua nilichokiona. Katika jani moja, pale linapokunjamana karibu na shina, palikuwa na kivuli chembamba.

"Kuna kitu mle," nilisema.

Mwenye duka alipanda kigoda, akaingiza kidole, akatoa senene mkavu mwenye mabawa yake yote. Akamweka kwenye kiganja changu.

"Hata senene wa Kampala wanapenda taa," alisema.

Nikalipa.

Taa ilifungwa kwa majani makavu ya mgomba ndani ya sanduku, na shemeji akaipakata kwenye gari mpaka nyumbani. Tulipopita njia panda ya kanisani alinigeukia.

"Muramu, umemnunulia marehemu."

"Nimenunua taa ya nyumba yangu."

"Sawa. Siku utakayoiwekea kibuyu cha pombe ya lubisi hapo chini, nitamwita mchungaji."

Alisema kwa utani, lakini alikuwa amegusa kidonda. Kabla fundi hajaifunga kwenye boriti, nilisimama sebuleni nikaomba kwa sauti. Nilimwambia Mungu kwamba taa ni yake kwanza, na nyumba ni yake, na mke wangu yuko mikononi mwake, wala simtolei mtu aliyelala kitu chochote. Fundi aliitikia amina akiwa juu ya ngazi.

Kesho yake alfajiri nilisikiliza. Kimya. Alfajiri iliyofuata pia, na wiki nzima. Tambara lilikuwa limenyamaza.

Mtu angedhani nitafurahi. Nilikaa kitandani nikiogopa kwamba nimefanya kile nilichowakataza wengine, na kwamba kimepokelewa. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na huzuni nyingine, ambayo naona haya kuiandika: nilitamani nimsikie tena. Nyumba haikuwa imenyamaza hivyo hata siku tulipomzika. Mwishowe nilimweleza shemeji yote, sauti na kukoma kwake.

"Unadhani dada yangu angeacha kufuta sakafu kwa sababu ya taa? Taa huongeza vumbi."

Kisha Novemba ikaja na mvua yake. Jioni moja, wajukuu wa shemeji wakiwa wamejaa kwetu, tuliwasha taa tukaacha madirisha wazi, na senene wakaingia. Waligonga vile vioo kidogo kidogo, na majani yakalia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Watoto walikusanya beseni zima. Wageni walilala palepale, kwa sababu ya mvua.

Kulipopambazuka nilisikia tambara. Linavutwa, linatulia, linakamuliwa. Nikatoka kitandani, nikafungua mlango.

Alikuwa shemeji. Alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, akifuta mabawa na miguu ya senene iliyotapakaa. Hakuniona. Alikuwa ameinua uso kuitazama taa, tambara likimdondoshea maji mapajani.

"Kumbe hivi ndivyo alivyoiona," alisema.

Nikamwambia ndivyo. Akaelekeza kidevu mezani, lilipokuwa bakuli lililofunikwa.

"Sijakupa mimi, mimi si mke wako, usije ukanidai niseme asante kwa gauni. Wamekuja wenyewe. Kula."

Nikaketi nikala senene kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilipomaliza nilimwambia amefuta vizuri, hasa kule dirishani.

"Dirishani sijafika," alisema.

Tukatazama wote. Chini ya dirisha sakafu ilikuwa imelowa, safi, haina hata bawa moja. Dirisha lilikuwa wazi usiku kucha, na mvua ilinyesha kwa upepo. Huenda ni hivyo. Shemeji alilitazama tambara mkononi mwake, kisha akaendelea kufuta, akiiacha sehemu ile ilivyo.

Sikuuliza, na sijauliza mpaka leo. Tangu siku ile nikiamka alfajiri sikai tena kusubiri kusikia. Naenda sebuleni, napiga magoti chini ya yale majani, naomba, na nikishindwa kuinuka haraka, natazama juu.

Wewe unayesoma haya, Mungu aibariki sakafu unayopigia magoti na mwanga ulio juu yako. Awape pumziko wote uliowazika, na wewe akupe subira ya kukaa na yale ambayo hutayajua upande huu wa mauti. Amina.