Asubuhi Ambayo Basi Halikufika Kapata

Sisi wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi, tunajua hali ya kampuni kwa kutazama basi lake. Likipita kabla jua halijatoka, limejaa watu wenye kofia ngumu mapajani, kampuni ingali hai. Lisipopita, hakuna anayesubiri tangazo. Hilo tulijifunza kwa wazazi wetu. Baba yangu alikuwa fundi wa pampu katika kampuni kubwa ya zamani, ile iliyojenga hizi nyumba zetu za mistari. Asubuhi moja basi halikuja. Wanaume walisimama barabarani na ovaroli zao mpaka jua likawa utosini, na hakuna mkubwa aliyekuja kuwaambia neno. Kesho yake wakasimama tena. Baba hasimulii njaa iliyofuata. Anasimulia kule kusimama.

Mimi nilisoma sosholojia ya kazi Lubumbashi, nikarudi na maswali mengi kuliko majibu, nikaajiriwa katika ofisi ya wafanyakazi ya karakana inayotengeneza malori ya migodi, karibu na mashimo ya mgodi wa Mashamba. Serikali ilipozuia madini ya kobalti kwenda nje, malori yakapungua barabarani, nasi tukapunguza watu. Nusu ya wachomeleaji wakapewa konje tekniki, yaani kaa nyumbani mpaka tukuite. Mpaka lini? Hakuna aliyejua.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mke wake alikuwa karibu kujifungua. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, kwa hiyo daktari alikwisha kusema wa pili asizaliwe popote ila hospitalini. Na kadi yao ya hospitali ilitoka kwa kampuni. Jirani hakuniuliza kuhusu kazi. Aliuliza jambo moja tu: "Nikiwa konje, kadi ingali inapokelewa?"

Nikalipeleka swali kwa mkurugenzi wetu, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye sote tunamwita Mama Direktrisi.

"Inapokelewa," alisema.

"Basi uwaambie, Mama. Batu banaogopa."

"Nibaambie nini? Nikisema neno moja, bataniuliza kazi itarudi lini. Sijui. Mukubwa asiyejua, afazali anyamaze."

Nikampelekea jirani jibu. Akanitazama kama mtu anayepewa noti iliyochanika.

"We ni mutu wa biro, mutu wa ofisi. Ye mwenyewe alisema, ao ni we unawaza?"

"Alisema."

"Aseme mbele ya batu, njo nitaamini."

Sikuweza kumlaumu. Mimi pia siamini neno la kuletewa.

Kila asubuhi walio konje waliendelea kuamka, kuvaa ovaroli, na kuja kituoni kutazama basi likitupakia sisi wengine. Dereva aliwatania.

"Benye konje banakuya kusalimia bisi! Niwapigie honi ao niwape mukono?"

"Tunakuya kuona kama ungali unajua njia!"

Kicheko, mlango unafungwa, nao wanarudi nyumbani wametulia. Basi limepita.

Kisha asubuhi moja halikupita.

Tulisubiri mpaka jua likatoka. Nilimpigia dereva, simu haikupatikana. Nikampigia Mama Direktrisi, hakupokea.

"Bintu bilikwisha," mmoja alisema. "Ni ile ya ba papa betu inarudia."

Kundi la vijana likavua ovaroli palepale, likachukua mifuko na kwenda Mashamba kutafuta nafasi kwa wachimbaji wa mikono. Nilimtafuta jirani, sikumwona. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Nikadhani ametangulia kwenda kuchimba, na kwamba ile kadi sasa ni karatasi tu.

Baba alitoka na ndala zake, akasimama kando yangu.

"Vua kofia," aliniambia. "Mi nilikawia kuivua."

Mimi ninayeuliza kila kitu, sikuuliza. Niliivua.

Basi lilikuja kama saa nne, jua limekwisha kupanda juu ya mapaa, tena likitoka upande wa mjini. Alishuka jirani, macho mekundu, ovaroli ameivaa ndani nje.

"Ni mwanamuke!" alisema. "Mama na mutoto, bote beko muzuri!"

Uchungu ulikuwa umemshika mkewe alfajiri. Jirani alikimbilia kwa dereva, anayekaa mstari wa nyuma yetu. Dereva akampigia Mama Direktrisi, naye akaagiza basi liwapeleke hospitali moja kwa moja, atawakuta huko. Watu wa mapokezi walisita kuhusu kadi ya mtu aliye konje. Mama Direktrisi akasimama pale dirishani mpaka wakaipokea.

Sasa naye mwenyewe akashuka kutoka basini. Alitutazama, tulikuwa wachache.

"Bengine beko wapi?"

"Balienda Mashamba, Mama. Baliwaza umefunga."

"Nimefunga? Bisi ilikuwa hospitali!"

"Nani alituambia?"

Swali lilinitoka kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. Alirudi kwenye kidato cha mlango ili aonekane, akasema kwamba hajui kazi itarudi lini. Kwamba kadi zinaendelea, kwa walio kazini na walio nyumbani. Kwamba siku akifunga atakuja hapa kusema mwenyewe, kabla basi halijaacha kuja.

Baba yangu, ambaye si mfanyakazi wake, aliinua mkono.

"Na kama hauna neno?"

"Nitakuya, Tata, niseme sina."

Jirani akapanda tena basi lilelile kwenda Mashamba kuwaita wenzake, maana yeye wangemwamini. Wengi walirudi. Baadhi hawakurudi, na sijui kama walikosea.

Tangu hapo, kila Jumatatu Mama Direktrisi anashuka kituoni. Konje haijaisha, na mara nyingi hana jipya. Bado ninajiuliza kama kumwambia mtu ukweli usio na jibu ni kumsaidia, au ni adabu tu. Neno halichemki sufuriani. Lakini Jumatatu baba anaamka mapema kuliko mimi, anavaa viatu, anakwenda kusikiliza. Akirudi, mama yangu anamwuliza Direktrisi amesema nini.

"Anasema hajui bado," baba anajibu, kisha anaketi anakunywa chai yake.