Balokume za Nadire

Resmije alikuwa na siri begani. Bega la kulia, lile la kazi zote, lilikuwa limegoma tangu ile baridi ya Januari, na mkono haukupanda tena kupita kifua. Hakumwambia mtu ila Nadire, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye hata asingeambiwa angejua, kwa sababu kuta za mtaa wa ndani ya ngome ni nene lakini masikio ya Nadire hayajawahi kuzuiwa na ukuta wowote hapa mjini Elbasan.

Aliyefichwa siri hiyo ni Gentjan, mwanawe wa pekee. Gentjan anakaa Tirana, mji mkuu, ghorofa ya saba, na huko ameshamtengea mama yake chumba chenye joto, televisheni na pazia jipya. Tangu baba yake afariki, kila simu anaimaliza kwa maneno yale yale: "Siku kazi ikikushinda tu, mama, nakuja na gari, tunafunga nyumba." Na anayasema kwa mapenzi, hapo ndipo penye taabu. Anayekutisha kwa chuki unaweza kumtukana ukapumua. Anayekutisha kwa mapenzi unabaki kumwambia asante mwanangu, huku moyo unakwenda mbio.

Resmije hakutaka kwenda, na mwezi Machi ndiyo kabisa. Miezi mingine pengine angeweza kushawishiwa. Februari, kwa mfano, mabomba yanapoganda, mtu akimwahidi chumba chenye joto anaweza kulainika. Lakini Machi madirisha yanafunguliwa, mablanketi ya baridi yanatolewa uani kupigwa fimbo, mti wa plamu wa kina Nadire unamwaga maua upande wa Resmije bila kuomba ruhusa, na wanawake wanarudi kutoka vilimani na mifuko ya mboga za porini wakibishana ipi chungu na ipi tamu. Asubuhi anatoa kiti mlangoni, anakunywa kahawa, na kila apitaye lazima asimame aseme neno. Asiyesimama anasemwa yeye. Resmije alikuwa ameshona mashati kiwandani nusu ya maisha yake, amezika mume, amelea mtoto, na raha aliyoidai duniani ilikuwa kiti hicho mlangoni, kwenye jua la Machi.

Sasa, tarehe kumi na nne ya mwezi huo ni Siku ya Kiangazi, sikukuu ya kuiaga baridi, na Elbasan nyumba isiyo na balokume siku hiyo watu wanaipita wakishusha sauti, kama penye matanga. Balokume ni biskuti, lakini usimwambie hivyo mtu wa Elbasan. Ni kubwa, nzito, ya manjano, yenye nyufa juu. Unga wa mahindi, siagi, sukari na mayai vinatiwa kwenye karai la shaba, halafu unaingia mkono. Mkono ndio wenyewe. Unazungusha na kuzungusha, upande mmoja tu bila kugeuza, mpaka donge liwe jepesi na wewe uwe huna hali. Kila mwaka Gentjan na mkewe wanashuka kutoka Tirana kuja kuzila.

Siku moja kabla, Resmije alijaribu. Alizungusha kidogo, bega likamchoma, akatulia, akajaribu kwa mkono wa kushoto, unga ukamrukia usoni. Akalia kidogo, akalitukana karai, akanawa, akaenda kugonga kwa Nadire.

"Shoga, naomba sinia mbili."

"Sinia mbili za nini?" Nadire aliuliza, na jikoni kwake kote kulikuwa kunanukia balokume.

"Usinifanye niseme."

"Za balokume? Hizi hizi zangu? Ambazo mtu akila lazima aombe maji ya kuzisukumia?"

"Nani kasema hivyo?"

"Wewe! Mwaka jana. Na mwaka juzi. Na kwenye arusi ya mwanangu, mbele ya wakwe."

"Nilikuwa natania, Nadire. Ujana."

"Ulikuwa ajuza tayari! Haya, sema ni nzuri."

"Zimeiva."

"Resmije!"

"Nzuri, basi, nzuri! Lete hizo sinia kabla sijafa mlangoni pako."

Kesho yake wageni wakafika. Wajukuu walimbusu bibi yao wakiwa tayari wanakimbia, kwa kuwa mjini kulikuwa na bembea na ngoma. Wakubwa watatu wakakaa uani, Resmije, Gentjan, na Brikena mkewe. Huyu Brikena kwao ni Korça, na kwa maoni ya Resmije watu wa Korça wanajua mikate ya mboga na maneno mazuri, basi. Miaka yote alikuwa akimvumilia mkwe huyo kama kiatu kipya, bila ugomvi na bila kukisahau.

Gentjan alichukua balokume ya kwanza, akaila amefumba macho. Akachukua ya pili.

"Ah, mama! Hata nikifungwa kitambaa usoni, mkono wako naujua."

Hapo Resmije alipaswa kumshukuru Mungu, amimine kahawa, anyamaze. Hila yake ilikuwa imefaulu, nyumba imepona. Badala yake alihisi masikio yanapata moto.

"Kula, mwanangu," alisema, meno yamebana.

"Na mwaka huu umejishinda," Gentjan akaendelea, mdomo umejaa. "Za mwaka huu zinazidi zote ulizowahi kupika."

"Zinazidi?"

"Wallahi zinazidi."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Punda wewe!" Resmije alisimama, kikombe kikapinduka. "Maisha yako yote nakulisha balokume zangu, hujui kuzitofautisha na za Nadire?"

Kahawa ikatiririka mezani. Kisha, kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ikasema kwa utamu, "Ahsante, mwanangu Gentjan. Mungu akupe umri mrefu."

Gentjan alimeza kwa shida. Hakuwa mpumbavu, licha ya ulimi wake. Alimtazama mama yake juu mpaka chini.

"Za Nadire kwa nini? Mama, hebu nyanyua mkono."

"Upi?"

"Huo unaouficha kwenye shali."

Resmije aliunyanyua. Ukafika kifuani, ukakwama. Gentjan akaweka chini ile balokume ya tatu.

"Basi. Imekwisha. Leo unarudi na sisi Tirana, nyumba tunaifunga."

"Mimi nilijua tangu tonge la kwanza," Brikena alisema polepole. "Siagi imepungua."

"Nani huyo?" ukuta ukauliza.

Resmije alimgeukia mkwewe. "Ulijua? Na hukusema?"

"Nilidhani hutaki isemwe, mama."

Ile miaka yote ya kiatu kipya ilimjia Resmije mara moja, akaona aibu. Lakini Gentjan alikuwa bado anasema habari za chumba, lifti, daktari wa ghorofa ya chini, mpaka mama yake akapiga meza kwa kiganja kizima.

"Nisikilize. Lifti siiogopi. Naogopa kuamka asubuhi nikawa mgeni. Nikae nadhifu kwenye kochi lenu, nikiuliza vijiko vinawekwa wapi, na hakuna anayepita wa kumwambia neno. Hapa nina bega moja, lakini ni kwangu. Naogopa, Gentjan. Umenisikia? Naogopa kweli kweli."

Gentjan alikisimamisha kile kikombe kilichopinduka. Brikena ndiye aliyeinuka, akaingia jikoni, akatoka na karai la shaba, akalipachika mapajani mwa mumewe.

"Siku ya Kiangazi haijaisha," alisema. "Nyumba hii haifungwi kabla haijapika zake. Mama, wewe amuru."

Resmije hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alivuta kiti, akaamuru. Siagi nyingine! Hilo ni yai au ni utani? Zungusha! Gentjan alivua koti, kisha sweta, akazungusha mpaka shingo ikawa nyekundu. Mkono ulipochoka alibadili akatumia wa pili, na mkono wa pili, bila yeye kufikiri, ukazungusha kinyume.

"Hapana!" Resmije alipiga kelele.

"Karudi nyuma!" ukuta nao ukapiga kelele. "Nimesikia! Limekatika donge!"

Na kweli lilikatika, siagi huku, unga kule. Wakaanza upya, Brikena akishika zamu. Gentjan alikaa kwenye ngazi akijisugua mkono.

"Mama, kazi hii ulikuwa unaifanya peke yako?"

"Baba yako alikuwa analishika karai lisikimbie. Tangu alipokufa, peke yangu."

Gentjan alilitazama karai. "Mimi nilikuwa nakuja kula tu," alisema.

"Ulikuwa unakuja. Hilo lilinitosha."

Zilipotoka kwenye oveni zilikuwa zimetandaa kama chapati, bila ufa hata mmoja. Gentjan alimega, akatafuna, akatafuna tena.

"Si kama zako, mama."

"Sema tena."

"Si kama zako hata kidogo."

Resmije alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Jumamosi nitakupeleka kwa daktari wa bega," Gentjan akasema. "Na kukurudisha."

"Kunirudisha wapi?"

Alitazama ule ua, mablanketi juu ya kamba, maua ya plamu ya jirani yaliyotapakaa chini. "Hapa, mama. Ungerudi wapi? Na mwakani usiguse karai mpaka tufike."

"Mwakani," Resmije alisema, akalirudia neno hilo kimya kimya, kisha akamsogezea mkwewe kile kiti chake cha mlangoni akae apumzike.