Neno Nililolisema Chini ya Shuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikufa mara tatu. Ilikuwa Lodwar, kwenye ukumbi tulioazimwa na kanisa, na mratibu wa kikundi chetu cha maigizo hakuridhika na mara mbili za kwanza. "Mama, maiti hamezi mate," aliniambia. "Pumua kwa tumbo, kifua kitulie." Mratibu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu: alitunga mchezo, akagawa nafasi, akatafuta gari. Mimi niliishia darasa la sita, na pale nilikuja kupika chai. Aliyepaswa kuigiza mjamzito hakufika. Naandika hivi ili vijana wasidhani nilichaguliwa kwa kipaji. Labda nilikuwa nacho, labda sikuwa nacho.

Mchezo wetu haukuwa wa kutazamwa tu. Mama anashikwa na uchungu wa kuzaa, mume anabishana na jamaa zake kuhusu hospitali, mama anafariki, anafunikwa shuka. Hapo mwongozaji, yaani yule anayesimama kati ya waigizaji na watu, hupiga makofi mara moja na sisi sote tunaganda. Kisha huuliza: nani angefanya tofauti? Mwenye jibu huingia, huchukua nafasi ya mume, na mchezo hurudi mwanzo. Mratibu alitukumbusha kila asubuhi: mtu akitoka kwa watazamaji akakuuliza neno, usimwache bila jibu, maana amejitoa mbele ya majirani zake. Jibu kama mhusika, tena upesi.

Nilikufa hivyo Kalokol katikati ya harufu ya samaki wa kukaushwa, nikafa Kaikor mbele ya wanafunzi, mpaka nikapelekwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Huko mkubwa wangu alikuwa mwongozaji mkuu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mkali lakini mwenye haki. Wafanyabiashara wa kambini walinizoea. "Marehemu!" waliniita, kisha wakanisalimu kwa Kiturukana. "Ejok? Sukari ya huko kwenu imeisha?"

Kakuma ndiko nilikoigiza filamu pia. Dairekta alikuja na kamera, tukafanya kazi wiki mbili. Filamu ni kazi nyingine kabisa: kipande kimoja, wao wanaita teki, hurudiwa hata mara kumi, na ukikosea kinakatwa. Ilipoonyeshwa nilijiona nikitazama pembeni mwa kamera, kama mtu anayemtazama mwenzake. Nakumbuka hapakuwa na mtu upande ule. Dairekta alisema ni macho tu, na pengine alisema kweli.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa alasiri, uwanjani karibu na mto mkavu. Tumeganda. Mimi niko chini ya shuka, naona mwanga wa jua kwenye nyuzi. Nikasikia mtu anaingia. Mwongozaji akamuuliza kama turudi mwanzo.

"Hapana," sauti ya kiume ikajibu. "Hapa hapa, akiwa amefunikwa."

"Mwamshe basi akupikie!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

Alipiga magoti karibu na kichwa changu. Alinuka moshi na maziwa. Akauliza kwa Kiturukana, chinichini: "Siku ile nilipoondoka, ulikuwa umelala au ulikuwa macho?"

Mume wa mchezo wetu hakuondoka kwenda popote. Lakini nilipaswa kujibu, na nikajisikia nikijibu: "Nilikuwa macho. Nilikusikia ukimshika mbuzi mdomo asilie." Mchezo wetu haukuwa na mbuzi. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Niliogopa, nikataka yaishe, nikaongeza: "Nenda. Watoto ni wako."

Hili la pili najua lilikotoka. Lilitoka kwangu, na nililisema ili watu wapige makofi. Wakapiga.

Jioni mwongozaji alinikaripia. "Dada, umejibu vizuri, lakini umechelewa mno. Kimya kile kimewachosha watu." Sikubishana naye, ingawa mimi niliona nimejibu papo hapo.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nyumbani Lodwar, mama mzee akaja mlangoni kwangu. Alikuwa amesafiri kutoka Kakuma kunitafuta. Binti yake alifia uzazini, mume akiwa hayupo. Jina la binti sitaliandika. Yeye bibi ndiye aliyewalea watoto wawili na kumkatalia baba yao.

"Akaja akasema mkewe ameongea mbele ya watu, amemrudishia watoto," aliniambia. "Nikawatoa. Ningekataaje neno la maiti wangu?"

"Mama, mimi ni mwigizaji."

"Najua kazi yako, mwanangu. Nakuuliza, lile neno lilikuwa la nani?"

"La watoto lilikuwa langu."

Akaokota fimbo yake. "Basi njoo umwambie mwenyewe."

Tulimkuta yule mwanamume bomani kwake, nje ya Kakuma. Lazima niseme haki: watoto walikuwa safi, wameshiba, na yule mdogo alikuwa ameegemea goti lake.

Nikamwambia: "Ndugu, la mbuzi sijui lilitoka wapi. La watoto nililitunga mimi. Nisamehe."

"Mbuzi gani?"

"Ulivyomshika mdomo asilie. Nilikuambia pale uwanjani."

"Hukuniambia hivyo." Alinitazama sana. "Ulinyamaza muda mrefu, kisha ukasema watoto ni wangu. Basi."

Mama mzee aligeuka kumtazama. Mkono wa kulia wa yule mwanamume ulikuwa umejikunja wenyewe, kama umeshika kitu.

"Nilikuwa nampeleka mnadani," akasema. "Nilijua nitarudi kabla jua halijawa kali. Nilimshika mdomo asimwamshe mke wangu." Akautazama mkono ule. "Au asimwamshe akanizuia. Sijui tena."

"Kama la watoto si neno lake, warudi kwako." Alimshika mtoto mkubwa begani, akamsukuma taratibu kwa bibi yake. Mdogo akafuata mwenyewe.

"Utakuja kuwaona," mama mzee akamwambia. "Lakini mchana, na mimi nikiwepo."

Niliacha kazi mwezi ule ule. Mwongozaji mkuu alinisihi nibaki, niwe naigiza mama wakwe, maana hao hawafi. Nilimshukuru. Alinitendea wema miaka yote, na kosa halikuwa lake.

Mabinti wanaoanza kazi huja kuniuliza siri za kufa vizuri. Nawafundisha kupumua kwa tumbo. Nawaambia pia kwamba neno la jukwaani halina mkasi wa kulikata kama filamu, mtu huondoka nalo akaenda kulitumia kwake. Kuhusu lile neno la mbuzi sijui niwafundishe nini. Huenda niliwahi kuisikia habari ya mbuzi sokoni nikasahau. Huenda yule mwanamume ndiye hakusikia vizuri. Nimeyapima yote mawili, na sina hakika na lolote.

Mwanamke yule aliyefia uzazini sikumjua. Watoto wako kwa mama yake, na sijui kama ndivyo alivyotaka. Kwa hiyo haya nimeyaandika mchana, mlango ukiwa wazi, ili kama ana la kusahihisha, aingie.