Kufuli la Simu ya Bi Bun-rye

Ma Bun-rye alikuwa na mdomo, na soko zima la mji wa Chuncheon linajua. Aliuza supu ya tambi, na hakuna mteja aliyekaa kwake asiambiwe kwamba supu ya Pyo Ok-ja, wa ng'ambo ya mto, ni maji ya kuoshea vyombo. Kumbe kila Jumanne, akishafunga, bibi huyu huyu alivaa kofia na barakoa, akavuka mto, akala bakuli zima kwa Ok-ja akiwapa watu kisogo. Supu ilikuwa tamu, afanyeje?

Korona ilipoingia, hakuwa na wasiwasi na siri yake. Mkwewe alimwekea kwenye simu programu ya kuficha ujumbe, akamhakikishia kwamba hata serikali haiwezi kuusoma. Bun-rye akasikia alichotaka kusikia: simu yote ni kaburi.

Lakini za mwizi ni arobaini. Korona ikampata, akalazwa, na ofisa wa afya akampigia.

"Mama, Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Simu yako ilikuwa ng'ambo ya mto."

"Mwanangu, simu yangu ina kufuli."

"Kufuli linaficha maneno, mama. Minara inajua simu iko wapi. Na kadi yako imelipia supu kwa Pyo."

Bun-rye akavuta pumzi. "Basi andika nilikwenda kwa hawara. Supu usiiandike, nakuomba."

"Siwezi, mama. Waliokula pale lazima wapimwe."

Jioni simu za mji mzima zikalia kwa pamoja, tangazo la idara ya afya: mgonjwa mwanamke, miaka sitini na kitu, muuza supu wa sokoni, amekula kwa Pyo kwa saa nzima. Jina halikutajwa. La nini tena? Wa kwanza kupiga alikuwa mumewe, amenuna kweli kweli: "Mbona hukwenda na mimi?"

Wa pili alikuwa Ok-ja. Bun-rye alipokea akijua matusi yanakuja, na aliona anayastahili.

"Dada, unaendeleaje?"

"Nimekufungisha duka, Ok-ja."

"Litafunguliwa. Mimi nilikujua tangu Jumanne ya kwanza. Nani mwingine anatia pilipili kabla hajaonja?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungerudi?"

Bun-rye akalia mpaka muuguzi akaja kumuuliza anaumwa wapi.